Eti Huyu Mama Amerudia Wimbo wa Luke Combs

Kinyozi wangu hapa Nakuru ni mtu wa kantri kufa kupona. Ukiingia pale Jumamosi asubuhi unapokelewa na Don Williams, unanyolewa na Kenny Rogers, na ukichelewa kidogo Jim Reeves anakusindikiza mlangoni, ndiyo hali, na hakuna mteja anayeruhusiwa kugusa simu yake. Sasa kuna siku nilikuwa kwenye benchi nasubiri zamu ikaingia Fast Car ya Luke Combs, na kijana aliyekuwa kitini, wa umri wa chuo hivi, akaimba wote mwanzo hadi mwisho bila kukosea hata neno. Ukaisha. Simu ikajichagulia wimbo unaofuata, na ikachagua Fast Car tena, ila sasa ile yenyewe, ya Tracy Chapman.

Kijana akasikiliza kidogo halafu akasema, "Huyu mama naye si mbaya, ila amerudia wimbo wa Luke Combs akaufanya pole pole sana."

Kinyozi akazima mashine.

Kichwa cha mtu kiko nusu, mashine imezimwa. "Wewe kijana," akamwambia, "huo wimbo ni mkubwa kwa huyo Combs wako." Na hayakuwa maneno ya hasira tu, ni kweli kabisa, Combs alizaliwa Machi 1990 na wimbo ulitoka 1988. Watu wakacheka, kijana naye akacheka, akamaliziwa upande uliobaki akaenda zake.

Mimi ndiye niliyeondoka nalo.

Kijana simlaumu hata kidogo, alikutana na wimbo pale alipokutana nao. Kilichonisumbua wiki kadhaa ni mwenye wimbo. Tracy Chapman hajatoa albamu mpya tangu 2008. Haonekani onekani, hapigi kelele mitandaoni, lakini kila baada ya miaka fulani mtu anachukua wimbo wake anapanda nao juu kwenye chati na yeye yuko kimya tu. Nikawa najiuliza, hivi huyu dada anaibiwa sisi tukiangalia, ama kuna kitu anakijua ambacho sisi hatukijui?

Wembley, lakini haraka

Hii mnaijua kwa hivyo sitakaa sana. Tarehe 11 Juni 1988, tamasha la miaka 70 ya Mandela, Mandela mwenyewe bado yuko gerezani, uwanja wa Wembley, London, una watu zaidi ya 70,000 na televisheni za nchi 67 zinarusha. Tracy ana miaka 24, albamu yake ya kwanza iko sokoni tangu Aprili, ameshaimba nyimbo zake mapema mchana akashuka. Kazi yake imekwisha. Halafu Stevie Wonder anafika, anakaribia kupanda, inagundulika diski yenye muziki wa kinanda chake cha Synclavier haipo, anaondoka analia. Jukwaa liko tupu na waandaaji wanatafuta mtu asiyehitaji kufungiwa vyombo.

Mtu wa hivyo alikuwepo, ana gitaa moja na anataka maikrofoni tu.

Akapanda mara ya pili akaimba Fast Car. Single ikafika namba 5 Uingereza na namba 6 Marekani, albamu ikashika namba moja kote kuwili, na Februari iliyofuata akabeba Grammy tatu.

Kila anayesimulia hii anaimalizia kwa neno bahati. Mimi hapo huwa nasita. Bahati ilimpa dakika za jukwaani, sawa, lakini hebu simama mbele ya uwanja mzima wa mpira, watu wanamsubiri Stevie Wonder, huna ngoma huna besi huna mtu wa kukuitikia, uone hiyo bahati itakufikisha wapi kama wimbo wenyewe haujasimama.

Ngoma inachelewa

Weka spika za masikioni uusikilize leo, ile ya 1988. Gitaa linaanza peke yake, kapo (kile kibano cha shingo ya gitaa) imebanwa nafasi ya pili, vidole vinazunguka noti zilezile chache, na sauti inaingia chini chini kama mtu anayepanga safari na hataki watu wa nyumba ya pili wasikie. Ubeti wa kwanza hauna ngoma. Wa pili nao hauna. Anaeleza mambo mazito tu, baba mlevi, mama ameondoka, shule ameiacha amtunze mzee, na chini yake gitaa linaendelea kuzunguka palepale.

Ngoma inaingia kwenye kiitikio tu, pale anapokumbuka wakiendesha gari kwa kasi, taa za mji mbele yao, mkono wa jamaa begani, na yeye kwa mara ya kwanza anahisi anaweza kuwa mtu. Kiitikio kikiisha ngoma inatoka. Yaani tumaini lenyewe limefungwa kwenye ngoma, linakuja nayo linaondoka nayo, na tunabaki tena na zile noti.

Halafu angalia hili. Kiitikio kinarudi na maneno yaleyale lakini kila kikirudi maisha yameshabadilika. Mara ya kwanza wako njiani wanatoka. Mara ya mwisho yeye ndiye anafanya kazi inayolipa bili zote, jamaa yuko baa na marafiki kuliko anavyokaa na watoto wake, yaani amegeuka kuwa yule baba waliyemkimbia. Mwishoni anamwambia basi, gari unalo, amua uende zako. Wimbo wa karibu dakika tano, mtu amevuka mji amepata kazi amezaa amechoka, na gitaa halijasogea hata hatua moja!

Prodyuza alikuwa David Kershenbaum na namshukuru sana kwa alichokiacha nje. Ilikuwa 1988 jamani, kila studio ilikuwa inamwaga sinthesaiza mpaka kwenye nyimbo za krismasi, na yeye akaiacha sauti ya huyu dada mbele kabisa na vyombo vyote nyuma yake. Wimbo wa nne wa albamu, Behind the Wall, hauna chombo hata kimoja. Ni sauti tupu inasimulia mwanamke anayepigwa nyumba ya jirani na polisi wanaokuja kwa kuchelewa kama watakuja. Ukitoka hapo unaangukia moja kwa moja kwenye Baby Can I Hold You, ule ambao watu wanaombeana redioni usiku. Nani mwingine angepanga hivyo? Unatoka kusikia ukuta wa jirani, unawekewa mwanaume ambaye neno samahani limemkwama kooni.

Siku hizi siwezi kuusikia huo wa pili kama wimbo wa mapenzi tu.

Kanda ya kituo cha chuo

Sasa turudi kwenye swali langu la kuibiwa, kwa sababu hapa ndipo nilianza kubadilika.

Tracy alisoma chuo kikuu cha Tufts, pale Massachusetts, shahada ya anthropolojia, na alikuwa akipiga gitaa barabarani Harvard Square watu wanatupa sarafu. Kuna mwanafunzi mwenzake, Brian Koppelman, ambaye babake alikuwa bosi wa kampuni ya uchapishaji wa muziki. Brian akamsikia akachanganyikiwa, akamwambia nipe demo, rekodi ya majaribio, nimpelekee mzee. Tracy hakuonyesha haraka yoyote. Brian akaja kugundua kwamba kuna kanda alizorekodi kwenye redio ya chuo, WMFO, akajipenyeza pale akatoka na moja yenye Talkin' 'bout a Revolution, na ndiyo iliyofika kwa babake. Mkataba wa lebo ya Elektra ulikuja kwa njia hiyo.

Hadithi hii husimuliwa kwa sababu ya kanda iliyochomolewa. Mimi nimeganda mahali pengine.

Unajua zile kanda alizirekodi kwa nini? Kwa ajili ya hakimiliki.

Mwanafunzi, mwimbaji wa barabarani, hana lebo hana meneja, anaenda kwenye redio ya chuo anawaruhusu wapige nyimbo zake hewani na yeye anapata rekodi za kuandikisha kazi yake. Nilipoijua hii, ule wasiwasi wangu wote wa "maskini Tracy" ukaanza kuonekana kama dharau fulani hivi.

Njia ya kupita na mahali pa kujenga

Kwa sheria za Marekani wimbo ukishatolewa hadharani mtu yeyote anaweza kuurudia kama ulivyo na kuutoa sokoni, analipa kiwango kilichowekwa kisheria, haombi ruhusa. Kundi la Boyzone liliimba Baby Can I Hold You 1997 likafika namba 2 Uingereza. Jonas Blue akaichukua Fast Car mwishoni mwa 2015 akaifanya ya klabu, nayo 2016 ikafika namba 2 hukohuko. Na Combs akairekodi 2023. Mirabaha ya uandishi inakwenda kwa aliyeandika, na ukifungua ile albamu ya 1988 nyimbo zote kumi na moja zina jina moja la mwandishi, hakuna "pamoja na", hakuna prodyuza aliyejipachika.

Lakini ukitaka kuchukua wimbo wake ukaugeuza, ukaweka mistari yako ndani, hapo lazima yeye akubali. Ni kama shamba lenye hatimiliki, njia ya wapita njia ipo na kila mtu anapita, ila ukija na mawe na saruji lazima uulize mwenyewe.

Rapa Nicki Minaj alikuja na mawe. 2018 alirekodi wimbo na rapa mwenzake Nas uliojengwa juu ya Baby Can I Hold You, wakaomba ruhusa, Tracy akakataa, wakaomba tena, akakataa tena. Wimbo ukaachwa nje ya albamu lakini ukapigwa redioni New York hata hivyo. Tracy akaenda mahakamani. 2020 jaji akasema kufanya majaribio studio kabla ya ruhusa hakuna kosa, ila suala la wimbo kufika redioni lisikilizwe kwenye kesi kamili, na Januari 2021 Minaj akamaliza mambo kwa dola 450,000.

Kuna watu walimwona mkali. Mimi nilipenda kwamba hakuongea sana. Hakuna vijembe, ni karatasi za wakili na taarifa fupi mambo yalipokwisha.

Lakini bado kulikuwa na kitu

Sheria sawa, pesa sawa. Ila nilibaki na kero moja ambayo mirabaha haiwezi kuimaliza.

Novemba 2023 tuzo za CMA, zile za muziki wa kantri Nashville, zikampa Tracy Chapman Wimbo wa Mwaka. Mwandishi wa kwanza mweusi kuipata hiyo tuzo. Kwa wimbo wa miaka thelathini na tano! Maneno yaleyale, gitaa lilelile, Combs hata ule mstari wa binti anayefanya kazi kwenye kaunta ya duka hakuugeuza kuwa mwanaume, aliuimba hivyohivyo. Kilichobadilika ni mdomo. Mdomo wa mwanamke mweusi ulipoimba waliuita foku, ule muziki wa gitaa na masimulizi, na wakauweka rafu yake huko, mdomo wa mzungu wa Carolina Kaskazini ulipoimba ukawa kantri na tuzo ikaja.

Nilikaa na hasira hiyo muda na sioni haya nayo, kwa sababu sehemu yake ni ya haki kabisa.

Halafu nikakutana na habari ya Hee Haw.

Hee Haw ilikuwa kipindi cha televisheni cha Marekani, kantri na vichekesho, watu wa ovaroli na majani ya shamba, akina Buck Owens na magitaa yao. Na Tracy mwenyewe amewahi kusema kwamba kilichomfanya atake gitaa akiwa mtoto ni kuangalia kipindi hicho. Mtoto mweusi wa Cleveland, Ohio, anaangalia kantri kwenye TV anasema nami nataka hicho. Akapata gitaa akiwa na miaka minane.

Ukishajua hilo sikiliza tena Fast Car. Mtu maskini, baba mlevi, gari, kazi ya mshahara mdogo, ndoto ya kuhama, hiyo ni kantri ya Jumamosi kwa kinyozi neno kwa neno. Don Williams angeiimba bila kubadilisha kitu. Ile rafu ya foku ilikuwa ya wauzaji, wenye maduka na wenye redio, muziki haukuwahi kuombwa maoni. Kwa hivyo Combs hakuuhamisha wimbo popote, upande mmoja wake ulikuwa kule siku zote ila mlango ulifungwa kwa ndani.

Sasa hii inapunguza hasira ama inaiongeza? Naona inaiongeza kidogo halafu inaihamisha. Simkasirikii tena Combs, ambaye tangu mwanzo anasema ni wimbo alioukuta kwenye gari la babake akiwa mtoto na anataja jina la mwenyewe kila mahali. Nawakasirikia waliofunga mlango.

Na Tracy alichosema wimbo ulipopanda chati za kantri ni kifupi, kwamba hakutarajia kujikuta huko, anaona ni heshima, na anafurahi kwa ajili ya Luke. Basi. Akarudi kimya.

Sisi hatukuambiwa

Kuna hili la pembeni, nalisema kwa sababu linanichekesha. Enzi zile Amerika kulikuwa na maneno kwamba Tracy ni mwimbaji mweusi wa hadhira nyeupe. Chuck D wa kundi la rap la Public Enemy alisema wazi kwamba watu weusi hawaguswi na Tracy Chapman.

Huku kwetu hiyo barua haikufika.

Huku alipigwa kwenye matatu, kwenye baa, kwa shangazi wasiojua Kiingereza zaidi ya good morning, na watoto wa mitaa mingi walizijua nyimbo zake kwanza kwa rege, zile za Foxy Brown wa Jamaika (siyo rapa wa Brooklyn), kabla hawajamsikia mwenyewe. Na mwaka uleule wa 1988 alizunguka dunia na shirika la haki za binadamu la Amnesty pamoja na Springsteen, Sting, Peter Gabriel na Youssou N'Dour, wakaimba Harare wakaimba Abidjan. Nairobi hawakuja, hilo bado linauma.

Hatukumweka kwenye rafu yoyote. Kantri, foku, rege, rhumba, zote zilikuwa zinatoka kwenye spika ileile. Labda ndiyo maana yule kijana wa kinyozi aliweza kukosea vile kwa amani kabisa.

Zile ambazo hakuna anayezitaja

Kosa la kweli ambalo watu tunamfanyia, kwa maoni yangu, ni kumaliza hadithi 1988. Ana albamu nane! Crossroads ya 1989 ina All That You Have Is Your Soul, Neil Young yumo ndani anapiga, na mama anamwonya bintiye asiuze kitu pekee ambacho ni chake. Ukijua ile habari ya kanda za hakimiliki wimbo huo unasikika tofauti kidogo.

Matters of the Heart ya 1992 mimi naiona imelala, samahani kwa mashabiki wake.

Halafu watu wakasema ameisha, na 1995 akaja na New Beginning yenye Give Me One Reason, bluzi ya kawaida kabisa ya ngazi zilezile za kizamani, mwanamke anasema nipe sababu moja ya kubaki nitageuka nirudi. Ikafika namba 3 Marekani, juu kuliko Fast Car ilivyowahi kufika kwa sauti yake. Na alikuwa nayo muda wote huo, alishaiimba kwenye televisheni 1989, akaiweka kabatini miaka sita akairekodi alipotaka yeye.

Hiyo miaka sita ndiyo iliyonifundisha zaidi kuhusu huu ukimya wa sasa. Huyu mtu hajawahi kuwa na haraka, hata alipokuwa juu kabisa.

Februari 2024

Kwa hivyo nilirudi kuangalia ile video ya Grammy ya tarehe 4 Februari 2024, Tracy na Combs wakiimba Fast Car pamoja. Inaanza na vidole kwenye gitaa. Hujaona uso bado, ukumbi unasikia zile noti, halafu kamera inapanda na ni yeye, mvi kichwani, na ukumbi mzima unapiga kelele, na yeye anatoa tabasamu la mtu aliyeshtuka kwamba amekumbukwa hivyo. Anaimba ubeti wa kwanza. Combs kando anafuatisha maneno yake bila sauti, macho hayatoki kwake. Kwenye kiitikio wanakutana. Mwishoni jamaa anamwinamia.

Nimetafuta kwenye uso wake dalili ya mtu aliyekuja kudai chake. Sijaiona. Nimeona mtu aliyekubali mwaliko kwa sababu siku hiyo alijisikia kuja.

Usiku uleule ile rekodi ya zamani ikapanda namba moja kwenye iTunes, na watu wakaanza kusubiri ziara. Ziara haikuja. Kilichokuja, Aprili 2025, ni albamu ileile ya 1988 kuchapishwa upya kwenye santuri, yeye na Kershenbaum wakiisimamia pamoja, nyimbo kumi na moja kwa mpangilio uleule, na Behind the Wall bado ni ya nne, bado haina chombo.